Pete Iliyovuliwa Asubuhi

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli, kuanzia fremu mpaka pete. Sikutia chumvi wala ndimu. Na kwa kuwa watu wa barazani kwetu hawaniamini hata nikiwaambia leo ni Ijumaa, safari hii nimeweka dhamana: Kibibi, mke wangu, ndiye asomaye kurasa hizi kwanza, na akinikuta na uongo mmoja tu, namlipa kilo mbili za halua ya zafarani, siku hiyo hiyo, bila kununa. Basi kaeni vizuri.

Alhamisi ile, mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, Gerishom aliingia kazini saa moja asubuhi akaikuta picha nambari kumi na nne imeupa ulimwengu mgongo. Mara ya tatu hiyo kwa wiki moja.

Ilikuwa hoteli mojawapo ya zile za Al Garhoud ambazo ndege ikipita juu, vikombe hugongana sahanini. Gerishom alikuwa mlinzi hapo, suti nyeusi, beji kifuani, waya sikioni. Lakini kabla ya Dubai alikuwa sajini wa upelelezi Kakamega kwa miaka ishirini na miwili, na Wakenya wote wa hoteli ile, kutoka jikoni mpaka darini, walimwita Afande. Ukumbi wa chini ulikodishwa na Mzungu mmoja mkusanyaji wa picha za kale. Alitundika picha sitini za pwani ya Afrika. Maonyesho yalikuwa yafungwe Ijumaa jioni. Jumamosi picha zote zingepakiwa kontena Jebel Ali, ziende zao Ulaya.

Nambari kumi na nne ilikuwa ya Barawa, mji wa pwani ya Somalia, enzi za Wataliana. Wazee saba wamesimama mstari mmoja, kanzu, makoti, kofia za kushona kwa mkono. Kila mmoja ameunyoosha mkono wa kulia mbele na juu, kiganja chini, ile salamu ya chama cha mashati meusi. Kikaratasi cha pembeni kilisema: "Wazee wa Barawa wakimsalimu Duce kwa mapenzi yao, Mei 1936." Duce, yaani kiongozi, ndivyo Wataliana walivyomwita mkuu wa chama kile.

"Afande, hii mchezo imetosha," alisema Roselyne, msimamizi wa zamu, mwanamke wa Kitale asiyejua kusema polepole. "Jumatatu, Jumanne, na jana. Mwenye picha amepelekea sir, meneja wetu, malalamiko. Mimi nasema ni Jotham."

"Kwa nini Jotham?"

"Si ndiye hupiga deki huku jioni? Na alisema mbele ya watu, hapendi picha za wakoloni."

"Hata mimi sizipendi, na sijazigusa."

Gerishom alichuchumaa. Hakuigusa picha kwanza, aliinusa. Kisha akapitisha kidole juu ya fremu, akafanya hivyo hivyo kwa nambari kumi na tatu na kumi na tano. Akatoa kijidaftari, akaandika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mashoto tangu kuzaliwa kwake Vihiga. Mwalimu wa darasa la kwanza alimchapa fimbo za kumbadilisha mpaka aliyechoka akawa mwalimu.

"Jotham ananuka nini?" aliuliza.

"Jotham? Dawa ya sakafu, kama sisi wote."

"Fremu hii inanuka udi. Na zile mbili za jirani zina vumbi, hii haina. Aliyeigeuza aliipangusa kioo kwanza." Akaigeuza picha, ikatazama watu tena. "Mwenye hasira hapangusi kwanza. Mwache Jotham apige deki."

Jioni, baada ya alasiri, alijificha nyuma ya nguzo, mahali ambapo kamera haimwoni na yeye anaona kila kitu. Hakungoja sana. Alikuja bibi kizee wa buibui, mdogo kama mtoto wa shule, mkongojo mkono mmoja, leso mkono mwingine, na udi ukimtangulia kama tarishi. Akasimama mbele ya nambari kumi na nne. Akaipangusa kioo taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Midomo ikamcheza. Halafu akaegemeza mkongojo ukutani, akaishika fremu kwa chini, akaigeuza.

"Shikamoo, Mama," alisema Gerishom, akitoka mafichoni.

Bibi hakushtuka. "Marahaba. Usinishike mkono, nishikie fimbo."

Gerishom alimvutia kiti, akamletea glasi ya maji. Bibi aliitazama glasi, akaiacha hewani.

"Mkono gani huo, baba?"

"Samahani. Mimi ni mashoto."

"Umashoto ni wako na Mola wako. Maji ya kunywa nipe kwa wa kulia. Huo mwingine una kazi yake, na kazi yake si hii."

Akahamisha glasi. Bibi akanywa funda tatu, akashukuru Mungu, ndipo akajitaja: Bi Asila, wa Rashidiya. Mjukuu wake Badriya alikuwa kule mbele, anazungumza na simu.

"Unajua kosa lako, Bi Asila?"

"Nalijua. Na wewe ukimkuta baba yako kasimama uchi njiani, utampita?"

"Nitamfunika."

"Basi nami namfunika."

Gerishom aliigeuza picha iwatazame, akakiinamia kiti. "Ni yupi?"

"Wa tatu toka kushoto. Kofia hiyo kashona mama yangu. Nimeitazama uzi kwa uzi, hakuna fundi mwingine aliyekuwa akifunga tundu vile. Na uso... nikimtazama kitukuu wangu mdogo, namwona yeye."

Kisha akasema, bila kuombwa, kama mtu aliyekuwa akingoja polisi maisha yake yote.

"Wewe unadhani walikuja siku moja na bunduki? La. Mtaliana wa mwanzo, mama akinihadithia, alikuwa mtoza ushuru tu, ana njaa zake. Halafu huko kwao kikatawala chama kimoja, na mtu mmoja mwenye kidevu kama kisigino. Picha yake ikaletwa melini ikatundikwa forodhani. Tukacheka. Ikatundikwa sokoni. Tukazoea. Watoto wakapewa vitambaa vya shingo, wakafundishwa nyimbo. Halafu wanaume wakaanza kuchukuliwa mashamba ya migomba, bila hiari zao, kolonya tukiyaita; na vijana wakapelekwa vita vya Uhabeshi. Kila siku kijambo kidogo, baba. Hakuna siku uliyoweza kusema: leo ndiyo leo."

"Na siku ya picha?"

"Wameishinda Habeshi. Ikapigwa mbiu: miji yote isalimu bendera. Ukoo usiosalimu, nyumba inafungwa. Nina miaka sita. Baba ni mfumaji nguo. Asubuhi kavaa koti lake la Idi, kavua pete, kaiweka kitandani, katoka. Jioni ile ile kakamatwa msikitini, yeye na wenziwe, kapelekwa kolonya. Hakurudi. Kaburi lake silijui."

"Mama yako alikwambia nini?"

"Kwamba alikataa. Neno hilo tu. Tukakimbilia Unguja, na mama naye kafa nina miaka minane." Akaikunja leso, akaikunjua. "Na kitu kimoja sikumsamehe. Asubuhi ile, baba anatoka, mama alicheka. Kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtetemeka, anacheka. Mumewe anakwenda kufa!"

Ndege ikapita. Gerishom aliingoja.

"Sabini na saba, baba," alisema Bi Asila. "Miaka sabini na saba, kila usiku wa kuamkia Ijumaa namsomea Yasini, mtu aliyekataa. Hapa Dubai nimezaa, nimezika, nimehama nyumba tatu, na kila nyumba kiti changu kinaelekea mlango. Mtu mzima na akili zangu, bado nasikiliza kiatu chake. Jumatatu mjukuu wangu kanileta hapa kunifurahisha. Nimemwona. Na mkono kaunyanyua." Akamtazama Gerishom kwa mara ya kwanza usoni. "Leo ndiyo usiku wa kuamkia Ijumaa. Nimsomee nani? Aliyedhulumiwa, au aliyekuwa akiwapigia makofi madhalimu? Wewe wanakwita Afande, nimesikia. Nitafutie."

Gerishom alifungua kijidaftari. Aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini. Halafu akausoma kwa sauti, maana ulimhusu Bi Asila.

"Mtu akitii, huletewa sahani. Haletewi pingu. Kama walisalimu, mbona walikamatwa jioni ile ile?"

Bi Asila alichukua mkongojo wake. Lakini safari hii, alipoondoka, hakuigeuza picha tena. Aliiacha kwa Gerishom.

Ijumaa asubuhi na mapema Gerishom alimwendea Roselyne akaomba bisibisi na dakika kumi.

"Unataka kufungua mali ya wenyewe? Afande, ukiivunja, visa yangu na yako zinapanda ndege moja."

"Unataka kujua nani aliigeuza?"

"Ni nani?"

"Nipe bisibisi."

Walilaza fremu kifudifudi juu ya meza iliyotandikwa taulo. Skrubu nne ndogo, ubao wa nyuma, kisha picha yenyewe, imezungushiwa pambizo ya karatasi nene nyeupe. Gerishom aliinyanyua ile pambizo kwa kucha. Chini yake, upande wa kushoto wa picha, palifichika ukanda wa picha, upana wa vidole viwili, ambao hakuna mgeni wa maonyesho aliyeuona.

Palikuwa na Mtaliana nusu. Nusu nyingine ilikatwa na mkasi zamani. Makali ya karatasi yalikwenda upogo. Shati jeusi, nishani, mkanda wa ngozi. Naye amenyoosha mkono.

"Anasalimu na wenzake," alisema Roselyne. "Sawa. Kuna nini?"

"Tazama mkono gani."

Roselyne alitazama picha, akatazama mikono yake mwenyewe, akainua mmoja, akaushusha. "Kushoto. Mkubwa wao anasalimu na kushoto?"

"Chama kile kilimfundisha mtu kusalimu kabla hakijamfundisha kula. Na kwa wa kulia. Sasa tazama makoti ya wazee. Mfuko wa kifuani uko wapi?"

"Kulia."

"Wote?"

"Wote saba. Fundi alikuwa mlevi?"

"Njoo kwa lifti."

Lifti za hoteli ile zilikuwa na vioo toka juu mpaka chini. Gerishom alisimama mbele ya kioo, akatunisha kifua. "Beji yangu iko upande gani?"

"Kushoto."

"Na ya huyo bwana mle ndani?"

Roselyne aliangalia kioo. Mlango ulijifunga, lifti ikaanza kupanda nao, na hakuna aliyejali. "Kulia," alisema. "Aki, Afande. Picha imechapwa nyuma mbele."

"Imegeuzwa kabla bibi hajaigeuza. Aliyeichapa alitaka wazee waonekane wamenyoosha wa kulia. Kwa hivyo akaipindua. Lakini ukipindua wazee, unampindua na mkubwa, anakuwa yeye ndiye wa kushoto. Basi mkubwa akakatwa. Mkasi ukambakisha nusu, na pambizo ikamaliza kazi."

Mlango ulifunguka orofa ya sita. Familia ya Wahindi wenye masanduku iliwatazama, wakaona afadhali wangoje lifti nyingine.

"Kwa hivyo wazee walinyoosha kushoto," alisema Roselyne walipokuwa wanashuka. "Lakini si inaweza kuwa makosa tu? Kama sisi kwaya. Mwalimu anasimama mbele yetu, anainua kulia, nasi tunamwiga, tunainua kushoto. Anatukemea kila Jumapili."

Chini, Gerishom aliipiga ile picha kwa simu, pamoja na Mtaliana wake nusu. Kisha akairudisha ndani ya fremu, skrubu moja moja.

"Hilo ndilo lililokuwa likinikwaza hata kabla hujalisema," alisema mwishowe. "Mtu mmoja hukosea. Watu saba huwa wamekubaliana. Lakini hiyo ni maneno ya mdomo. Mbele ya hakimu, wakili wa Mtaliana atasimama aseme kama ulivyosema wewe: wamemwiga mwalimu. Nikimpelekea yule bibi nusu ya jibu, nitakuwa nimemwua mara mbili. Nahitaji kitu kilichofanyika kabla hawajafika uwanjani. Nyumbani. Kabla ya mwalimu yeyote."

Alitia simu mfukoni, akatoka.

Alipanda metro, laini nyekundu, akaenda zake Rashidiya. Behewa la mbele lilikuwa tupu asubuhi ile ya Ijumaa. Alikaa kile kiti cha kioo kikubwa ambacho watoto hukigombania. Reli ilipita juu ya uwanja wa ndege, mikia imepangwa mia kwa mia chini ya jua jeupe. Aliipitia mmoja mmoja mpaka akauona ule aliokuwa akiutafuta, mwekundu na mweusi na kijani, unaokwenda nyumbani kwa saa tano. Aligeuza shingo akaufuata mpaka kituo kikauficha. Miaka mitatu alikuwa hajaonja chai ya mkewe. Kisha akafungua kijidaftari.

Nyumba ya Bi Asila ilikuwa ya zamani, ya chini, asumini imepandwa ndani ya ndoo mlangoni. Badriya alifungua, msichana wa mtandio wa kijani, uso wa mtu aliyekesha.

"Bibi hakusoma jana," alimnong'oneza. "Tangu nizaliwe sijapata kuona. Kakaa na msahafu umefungwa mbele yake mpaka alfajiri. Tafadhali, kama ni jambo baya, usimwambie. Mwambie hukupata kitu."

"Dada, mimi nimestaafu upelelezi. Uongo sijaanza."

Sebuleni msahafu ulikuwa bado juu ya marufaa, umefungwa. Kiti cha Bi Asila kilielekea mlango. Mgeni aliletewa kahawa ya tangawizi na visheti. Gerishom alikipokea kikombe kwa mkono wa kulia, kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kukemewa.

"Bi Asila, nimekuja na maswali, na majibu yake siyajui. Ukiyajua, tutayajua pamoja."

"Uliza."

"Pete."

Bibi alivuta uzi shingoni. Ikatoka pete ya fedha yenye akiki nyekundu, imechorwa maandishi madogo. "Jina la Mola," alisema. "Baba yake naye aliirithi."

"Aliivaa mkono gani?"

"Kushoto, kidole cha mwisho. Mkono wa kulia ikimkwaza kwenye kufuma."

"Akiivua lini?"

"Haivui. Akilala nayo, akifuma nayo. Akitawadha anaizungusha tu, maji yapite."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, nakwambia! Isipokuwa," akaongeza, kwa kero ya mtu anayeulizwa kama jua lina moto, "isipokuwa akienda msalani. Pete ina jina la Mungu, baba. Huingii nayo chooni. Mtoto mdogo analijua hilo."

Kiyoyozi kilinguruma. Gerishom alikuwa ameandika neno, kalamu haijanyanyuka.

"Na asubuhi ile," aliuliza taratibu, "mama yako alicheka kabla pete haijavuliwa, au baada ya kuvuliwa?"

"Baada. Baba kaivua, kaiweka kitandani, mama kamwangalia, kaiangalia pete, ka..."

Bi Asila akaiangalia pete. Mdomo ulibaki wazi. Mkono wenye pete ukapanda polepole mpaka mdomoni, ukauziba.

"Badriya," alisema Gerishom, "una kioo cha kujipambia?"

Badriya alitoa kijioo kwenye mkoba. Gerishom aliiweka simu mapajani mwa bibi, picha imekuzwa, akakishika kioo pembeni yake. "Aliyeichapa aliipindua, Bi Asila. Nina ushahidi, nitakuonyesha mifuko ya makoti na Mtaliana aliyekatwa. Usiitazame picha. Tazama kioo. Hivyo ndivyo walivyosimama."

Bibi aliinamia kioo. Wazee saba. Mikono saba imenyooshwa mbele ya bendera, mbele ya chama, mbele ya himaya nzima. Mikono ya kushoto. Ile yenye kazi yake.

Ilianza mabegani. Mabega yalitetemeka, Badriya akamrukia akidhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko cha msichana, kimebanwa na kiganja kinatokea puani.

"Alikuwa anakwenda chooni," alisema Bi Asila. "Ewe Mola wangu. Baba alivaa koti la Idi, akavua pete, akaenda zake chooni! Wote saba! Mbele ya ngoma na tarumbeta!"

"Bibi!" alisema Badriya, naye keshashindwa.

"Na yule mwenye kidevu akaletewa picha hiyo huko kwao, akafurahi!"

Walicheka mpaka kahawa ikapoa. Gerishom hakucheka, alikuwa akifunga kesi kichwani. Kwa nini jioni, si palepale uwanjani? Kwa sababu uwanjani mkubwa aliona wajinga wasiojua kulia na kushoto. Ilichukua saa chache mpaka mkalimani, au mtu yeyote mwenye kujipendekeza, akamweleza mji mzima ulikuwa unamcheka nini.

Kisha kicheko cha Bi Asila kikapasuka katikati, kikawa kile kingine.

"Mama," alisema, si kwa Badriya, si kwa yeyote wa mle ndani. "Mama, nisamehe. Ulikuwa unamcheka kwa kumpenda, nami nimekununia miaka sabini na saba." Akakishika kile kioo kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na macho. "Mtazameni. Na yeye anabana kicheko. Pembeni mwa mdomo hapo. Namngoja mlangoni umri wote, kumbe siku ile alinipita anacheka."

Baadaye alijifuta, akaunyoosha mtandio, akawa tena mwenye nyumba.

"Badriya, nisogezee marufaa. Nina deni la jana."

Saa za mwisho za maonyesho, Ijumaa ile, nambari kumi na nne haikuutazama ukuta. Mbele yake, upande wa pili wa ukumbi, palitundikwa kioo kikubwa ambacho Roselyne alikiazima chumba cha orofa ya sita bila kumwuliza sir. Chini ya kioo alikaa bibi mdogo wa buibui, pete kidoleni kwa mara ya kwanza tangu aachiwe, akiwapungia wageni fimbo: "Msitazame huko. Geukeni. Tazameni huku." Na kila aliyegeuka aliulizwa kama anaijua kazi ya mkono wa kushoto.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu, nikampa Kibibi.

Alisoma kimya. Penye pete akajifuta macho kwa ncha ya kanga, nami nikajisemea halua imepona. Halafu akarudi nyuma kurasa mbili.

"Ijumaa asubuhi?"

"Ijumaa asubuhi."

"Kapanda metro?"

"Laini nyekundu."

"Mume wangu. Mwaka ule metro Ijumaa ilikuwa haifunguliwi mpaka sala ya adhuhuri ipite. Mimi na wewe tulisimama mlangoni pa kituo cha Rashidiya na mabegi ya dada yako, jua linatuchoma, mpaka ukamtukana mlinzi. Umesahau?"

Nilijaribu kusema kwamba Gerishom alikuwa na kibali maalumu. Alinitazama tu.

"Teksi," nilikiri. "Alipanda teksi."

"Na ndege? Na ule mkia alioufuata kwa shingo?"

"Kutoka barabarani huwezi kuziona. Nilitaka azione."

Kibibi alikunja pembe ya ukurasa. "Na mkono? Na pete?"

"Treni niliizua. Mkono sikuuzua."

Basi nikavaa viatu. Nimekwenda Deira, nimerudi, kilo mbili, ya zafarani, imejaa lozi, bado ina moto. Nilimkuta kwenye kiti chake, kurasa zangu mapajani, nikamnyooshea kopo nikiwa sina hata pumzi.

Hakulipokea.

"Kwa mkono wa kulia, bwana," alisema Kibibi.